Vumbi la Magunia

Ukimwona mtu kwenye benchi la kliniki ya kifua ameegemea tako moja, usimcheke. Huyo anadungwa sindano kila siku na upande wa pili umevimba. Mimi nilikaa hivyo miezi miwili, na haya ninayaandika kwa ajili ya mtu kama huyo, hasa kama amemeza kila dawa aliyopewa na kikohozi bado kimemganda. Mimi si daktari. Shule niliachia darasa la saba. Najua tu yaliyonipata, na mengine katika hayo ningependa nisingeyajua.

Nilikuwa mwanamke wa magunia. Wakati huo kila mtu wa Majengo hapa Nyeri alikuwa na kitu chake cha kuuza mlangoni. Mama Zuhura, mwenye nyumba tuliyopanga, alikuwa na mahamri yake. Mimi niliyafuata magunia Timau kwenye mashamba ya ngano, yale yaliyotobolewa na panya au kulowa ghalani, nikayaleta Nyeri, nikayageuza ndani nje, nikayakung'uta ukutani, nikaziba matundu kwa sindano kubwa na uzi wa katani, kisha nikawauzia watu wa viazi na kabichi. Gunia langu lilikuwa halivuji, na nilijivunia hilo kuliko inavyofaa. Gunia lililolowa likikauka hutoa unga wa kijani na kijivu, mwepesi sana, unaokaa hewani baada ya wewe kumaliza kazi. Sisi tuliuita vumbi tu. Kichwani nilifunga leso nywele zisichafuke. Pua sikuifunga.

Tulikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Kimoja tulilala, kingine kilikuwa stoo ya magunia. Mume wangu, Ndirangu, alikuwa mpishi katika hoteli moja Nanyuki na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka tisa, Muthoni. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, basi Ndirangu alimwita mtoto wake "maitu", yaani mama, hata alipokuwa anamgombeza. Mtoto naye alilijua hilo na kulitumia. Ukimtuma dukani anakuuliza kama hivyo ndivyo watu wanavyotuma mama zao.

Kifua cha Muthoni kilipiga filimbi tangu akiwa mchanga, wakati wa baridi ya Julai hasa. Tulimpaka mafuta, tukamfunika, kikanyamaza. Hatukukiita ugonjwa.

Kikohozi changu kilianza mwaka ule mvua ilipokosekana na watu wakala mahindi ya manjano wakiyanung'unikia. Magunia yalikuwa mengi mwaka huo kwa kukosa ngano ya kuyajaza, na mimi nilifanya kazi mara mbili. Jioni nilipatwa na homa na kutetemeka, asubuhi nikaamka mzima, nikarudi kukung'uta. Baadaye hata asubuhi haikuwa nzima. Nilikonda mpaka pete ikawa inavuka kiungo cha kidole yenyewe. Nilikohoa vipande vya kahawia, vigumu, kama kamba fupi fupi, na nilikuwa ninavifukia kwa mguu Muthoni asivione. Alikuwa anaviona.

Kliniki walinipa vikebe vya makohozi mara tatu na mara tatu hawakuona kitu. Mganga aliyekuwa zamu akasema mtu aliyekonda hivi, anayekohoa hivi na kutoka jasho hivi ana TB hata kama darubini inakataa. Simlaumu. Wakati huo kifua kilikuwa na jina moja. Kwenye kadi palikuwa na mahali pa kuandika kazi ya mgonjwa, naye akaandika "mama wa nyumbani" bila kuinua kichwa. Niliona. Nilikuwa nimechoka, nikaona hainipunguzii kitu.

Nesi ndiye aliyenifuata hadi mlangoni. Aliniuliza kama nina mtoto, nikasema ninaye.

"Basi huyo asilale na wewe, mama," akasema. "Hata usimpumulie karibu. Hii kitu inashika watoto haraka sana."

Nilipewa sindano sitini, moja kila siku, halafu vidonge mwaka mzima. Kuanzia siku hiyo niliogopa pumzi yangu mwenyewe. Nilikuwa tayari kufa. Lakini kumuua Muthoni kwa kumpumulia, hilo nilisema halitatokea, na kila nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa sababu hiyo.

Mama mkwe alisikia, akateremka kutoka Tetu na kiondo chake, akaja kumchukua mtoto. Alisimama nje ya mlango na hakuingia. Tuliongea Kikuyu, naye hakuzunguka. Alisema huko kwake kuna shule, kuna maziwa, na mtoto ana jina lake, basi ni kama anajichukua mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumshika Muthoni mkono.

Nilikataa. Nilimwambia mitihani iko karibu na mwalimu hatakubali. Ukweli ni kwamba sikuweza kuivumilia nyumba ambayo Muthoni hayumo. Nilijua nitalala pale siku sitini nikitazama paa, na nilitaka angalau nisikie sauti yake upande wa pili wa ukuta. Nikasema atalala stoo. Pale pakavu, nikasema, pana joto, pana mlango wake, na mimi sitaingia. Mama mkwe akauachilia mkono wa mtoto, akaenda zake. Ndirangu alipokuja mwisho wa mwezi alisema nimefanya vizuri.

Basi Muthoni akahamia stoo. Alifurahi sana, na hili ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Mzigo wa mwisho wa Timau ulikuwa bado haujakung'utwa. Aliyapanga magunia kumi na zaidi moja juu ya jingine, akatandika shuka juu yake, akasema ana kitanda kirefu kuliko cha chifu. Alikuwa anaruka juu yake nasikia mbao zinatingishika. Kati ya mbao mbili palikuwa na ufa, na tuliongea hapo. Alinisomea kitabu chake cha Kiswahili, akanipa hesabu nimsaidie, nikakosea, akanicheka. Kila siku nikitoka kliniki aliuliza zimebaki ngapi.

"Arobaini na nne," ninamwambia.

"Zikiisha nitarudi kwa kitanda yako?"

"Zikiisha utarudi."

Sindano zile zilifanya masikio yangu yaimbe. Nilitembea barabarani nikiyumba, na kwa kuwa Majengo hakuna siri, watu walisema mama Muthoni sasa ameanza pombe. Nilicheka. Niliona afadhali pombe kuliko TB, maana mlevi bado watu wanamsalimia kwa mkono. Wateja wa magunia waliacha kuja. Jirani mmoja aliondoa kamba yake ya nguo karibu na yangu. Mama Zuhura peke yake ndiye aliyeketi nami uani, bega kwa bega, akinilazimisha chai. Nilimwambia asogee mbali. Alisema yeye ni mzee, hakuna ugonjwa utakaojisumbua naye.

Naye ndiye aliyeona kitu, ila hatukujua tumeona nini. Siku moja alisema, "Mama Muthoni, tangu uwache kazi hiyo ya magunia hukohoi ukikaa na mimi hapa juani. Sindano zinakufanyia kazi, alhamdulillahi." Mimi nikamwitikia, zinafanya kazi. Nilianza kuongeza uzito. Nilikuwa nimeepushwa na vumbi, na sifa tukazipa sindano.

Karibu na sindano ya thelathini nilisikia kupitia ufa ile filimbi ya kifua cha Muthoni. Haikuwa Julai. Nilipomuuliza alisema ni mafua. Wiki iliyofuata alikuwa anakohoa asubuhi, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Nilikaa kitandani nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nimemwambukiza. Pumzi yangu imepita kwenye ufa. Nikachukua matambara na kisu, nikauziba ufa wote kutoka juu mpaka chini. Nikamwambia kuanzia leo tutaongea nje, yeye akisimama langoni na mimi nikikaa mlangoni pangu. Alinitii. Alisimama langoni na kitabu chake akawa anasoma kwa sauti kubwa ili nimsikie, na katikati ya sentensi anasimama kutafuta pumzi.

Nilimpeleka kliniki ile ile. Walisikiliza kifua, wakampa dawa ya maji ya kikohozi na kusema atapimwa TB mimi nikimaliza zangu. Nilimrudisha stoo. Niliona kule ndiko salama, mbali na mimi, na kwa sababu mvua ndefu zilikuwa zimeanza niliongeza magunia mengine mlangoni kuziba baridi. Niliyainua kwa mikono yangu. Bati lilikuwa linavuja kona moja, magunia ya chini yakalowa, na ile harufu ya uvundo ikawa kali zaidi. Nilifikiri ni mvua tu.

Jumamosi moja asubuhi, siku ya sindano ya arobaini na tisa, Mama Zuhura alikwenda kumpelekea hamri akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Muthoni alikuwa ameketi juu ya magunia, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo ina rangi ya majivu. Hakuweza kusema. Mama Zuhura, mwanamke wa miaka karibu sabini, akambeba mgongoni kama mtoto mchanga na tukapanda kilima kwenda hospitali kwenye matope.

Mimi nilifuata nyuma hatua kumi. Nataka uelewe hilo, wewe unayesoma. Nilikuwa na nguvu za kumbeba. Nilikuwa nimeshaongeza uzito. Nilitembea nyuma nimefunga leso mdomoni, kwa sababu niliamini pumzi yangu ndiyo iliyomfanya vile na sikutaka kumwongezea. Aligeuza shingo mara mbili kuniangalia. Nikampungia mkono.

Hospitalini walitukalisha kwenye benchi la watoto, mwanamume mmoja akaenda kutafuta daktari. Mama Zuhura alikaa na Muthoni mapajani, mimi nikakaa mwisho wa benchi, tukiwa tumetenganishwa na watu wanne na kikapu cha mtu. Filimbi ilikuwa inasikika chumba kizima. Kisha ikawa ndogo, nikafurahi, nikadhani anapata nafuu. Mama Zuhura alimfunika uso na ncha ya buibui lake, taratibu, ndipo akanitazama. Hata hapo sikusogea. Nesi alipofika alinikuta mahali pangu, mwisho wa benchi.

Tulimzika Tetu, karibu na migomba ya bibi yake. Watu walisema ni TB ya mama yake, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Sindano kumi na moja zilizobaki nilizimaliza. Usiniulize kwa nini.

Ndirangu alirudi Nanyuki, na mwisho wa mwezi ukawa unapita bila yeye. Nilimaliza vidonge, nikapewa kadi yenye muhuri wa kupona, na kwa kuwa lazima mtu ale nilikwenda Timau kuleta magunia. Kabla mavuno ya pili hayajafika nilikuwa chini tena, na vile vipande vya kahawia vimerudi.

Safari hii nilipelekwa hospitali kubwa. Nilikaa kwenye korido siku tatu kabla ya kuitwa picha ya kifua, na katika siku hizo kuna mama wa Karatina, nimemsahau jina, aliyenipa nusu ya blanketi lake bila kuuliza ninaumwa nini. Bado namwombea. Daktari aliyeniona alikuwa mwanamke kijana, Daktari Njoki. Alitazama picha, akasoma kadi zote za zamani, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, wewe unafanya kazi gani?"

Nilipomwambia aliweka kalamu chini. Aliniagiza nimletee gunia moja ambalo halijakung'utwa, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wakachukua vumbi lake na makohozi yangu, wakayaotesha kwenye visahani viwili, na baada ya siku chache akaniita kuona. Kwenye visahani vyote viwili palikuwa na kuvu ile ile ya kijani kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga. Akasema hii ndiyo imekuwa kifuani mwangu miaka yote hii. Akasema sina TB. Akasema anavyoona, sijawahi kuwa nayo.

Nilimuuliza jambo moja tu, kama kuvu hii mtu anaweza kumwambukiza mwenzake kwa pumzi. Alisema hapana. Alidhani ananipa habari njema. Aliponiona nimeanguka kutoka kwenye kiti aliwaita wenzake waje na maji.

Nilipewa vidonge vilivyonivimbisha uso ukawa mviringo kama sahani, na njaa ya kula chungu kizima cha githeri peke yangu. Mashavu yalikuwa makubwa, miguu myembamba, na ngozi ya mikono ikawa inachubuka nikigusa mlango. Sikujitambua kwenye kioo na sikusikitika, kwa maana yule niliyemzoea sikutaka kumwona. Magunia yote ya stoo Mama Zuhura aliyachoma yeye mwenyewe, akanikataza kukaribia. Nikajifunza kushona sweta za shule kwa mashine. Kikohozi kikaenda na hakijarudi, isipokuwa baridi ikizidi.

Ndirangu nilimwandikia barua. Alikuja, akakaa siku mbili bila kuligusa jambo lenyewe, na alipokuwa anaondoka alisema tu, "Mama yangu usimwambie. Hii itamuua." Kwa hiyo sikumwambia. Niliendelea kuwa yule aliyemwambukiza mtoto TB. Kila Krismasi nilikwenda Tetu nikakaa upande wangu wa jiko, na mama mkwe akanihudumia kwa heshima na kwa umbali.

Miaka ikapita mpaka ile ya tisini. Nilikuwa bado nakwenda kumwona Daktari Njoki mara mbili kwa mwaka, na siku moja nilimwomba anieleze ile kuvu ilifanya nini hasa, kwa maneno ambayo mshona magunia anaweza kubeba. Alifikiri, halafu akaniuliza mdomo wa gunia unashonwa vipi. Nikamwambia ni mshono wa mnyororo. Ukikata uzi mahali pamoja, pale panapostahili, ukavuta, mdomo wote unafumuka.

Alisema basi nimeshaelewa. Kuvu ile hutengeneza protini, na protini ni uzi mrefu uliojikunja ukakaa kwa umbo lake. Huu wa kuvu ni mfupi, lakini umefungwa vifundo viwili vinavyoushikilia, ndiyo maana hauharibiki ovyo, hata joto haliusumbui sana. Ndani ya mwili kila mahali kuna vijimashine vidogo mno vinavyoshona protini zetu sisi. Uzi huu ukifika hapo unakikata kijimashine mahali pamoja tu, wala si pengine, nacho kinasimama. Akaongeza kwamba wengi wanaupumua maisha yao yote bila neno. Lakini kuna vifua vinavyoutambua na kuupiga vita, na ni vita hivyo vinavyoziba pumzi. Hakusema ndicho kilichomuua Muthoni. Alisema hakuwepo na hawezi kujua. Mimi nilikuwepo.

Nilitoka pale nikapanda gari la Tetu. Nilikuwa nimechoka kubeba kitu hiki peke yangu, na mama mkwe alikuwa amezeeka, na niliona hatuna haki ya kumficha hadi kaburini, hata kwa huruma. Mengine nitakuambia wewe mgonjwa kwa ufupi kabla sijamaliza. Wakikuuliza kazi, sema kazi yako yote, hata kama hawakuinua kichwa. Dawa zikiisha na kikohozi kikabaki, rudi, na ukifukuzwa rudi tena. Kama unashika magunia, nyasi kavu, chakula cha kuku, funga pua na ukung'ute nje, upepo ukiwa mgongoni. Usilaze mtoto stoo.

Nilimkuta mama mkwe uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia yote, kutoka vumbi la Timau hadi visahani viwili. Nilimwambia siku ile alipomshika Muthoni mkono nilikataa kwa kuwa nilimtaka karibu, mitihani ilikuwa uongo. Nilingoja anifukuze. Aliendelea kuchambua, kisha vidole vikasimama.

"Kwa hiyo ugonjwa wako haukuwa wa kuambukiza?"

"Haukuwa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

Alitazama kule kwenye migomba. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu polepole, na sikutaka aimalize.

"Basi angelala na wewe," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Angelala na mimi.